Nyumba ya Choo Kimoja

Nilikataa kusaini. Wakili alinisukumia zile karatasi juu ya meza, akanipa kalamu yake, akanieleza kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kwamba siku hizi mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa mpaka mke akubali kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia, "Asante sana kwa kunijulisha. Basi leo haiuzwi." Kizito, mume wangu, alishusha pumzi ndefu na kuinamisha kichwa. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikamwacha akimwomba wakili radhi kwa niaba yangu.

Watu wa kwao Bungoma husema Phelista ana mdomo. Ninao, tena mkubwa. Lakini hebu niambieni: mtu ana kitu kimoja tu hapa duniani, anaambiwa akiachie, na aseme asante? Hiyo nyumba haikuuzwa. Ni yetu mpaka leo. Nawaambia mapema ili mtu asikae hapa akingoja nilie kwamba nilinyang'anywa. Sikunyang'anywa kitu.

Nyumba yenyewe iko ghorofani, katika mtaa wa zamani wa Wahindi hapa Kitale, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Wabwile. Reli ilipofika huku, Wahindi walikuja nayo, wakajenga maduka chini na makao yao juu. Mzee Valji aliyetuuzia alizaliwa humo, na baba yake alizaliwa humo. Wanawe walipohamia ng'ambo wote, wakakataa kurudi hata kusalimia, aligawa jengo vipande, kila nyumba na hati yake, akauza moja moja. Sisi tulipata ya nyuma, ndogo kuliko zote. Ina sebule, chumba cha kulala, kijichumba cha pazia ambamo Mzee Valji alikuwa akiabudu miungu yake, jiko, na choo kimoja ambacho ndicho bafu pia. Sakafu ni ya vigae vyekundu. Dari liko juu sana, na kuta za ndani hazilifikii; waliziacha hivyo ili hewa ipite. Hewa inapita, na kila kitu kingine kinapita. Mtu akipiga chafya jikoni, unamwambia pole ukiwa kitandani.

Mimi nilizaliwa Webuye kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na ndugu zangu wote. Nikaolewa, nikaishi Kitale katika vyumba vya kupanga, kila mwenye nyumba akiamka vibaya anakufungia maji. Nusu ya hii nyumba imetoka kwenye cherehani yangu, kwenye sare za shule, mikunjo ya sketi na kola za mashati mpaka vidole vikafa ganzi. Siku tuliyopewa ufunguo nilikaa chini kwenye vile vigae, nikavipapasa. Nililia, sifichi. Kizito naye alilia, lakini yeye siku hizi anakana.

Halafu mama mkwe akafariki. Mzee Makokha, baba yake Kizito, akabaki peke yake nyumbani Bungoma, moyo unamsumbua, miguu inavimba mpaka viatu havipandi. Dada yake Kizito, Edinah, ameolewa Cheptais na ana mzigo wake. Siku moja Kizito akaingia na mzee, begi dogo na redio. Akamweka kwenye kile kijichumba cha pazia. Mimi nilikuwa sebuleni nashona. Niliruka kutoka kwenye kiti nikakimbilia jikoni, na mzee naye akageuza uso ukutani mpaka nikapita.

Asiye wa kwetu atacheka. Kwetu Wabukusu, mkwe ni mkwe. Mwanamke hamshiki mkono baba mkwe wake, hamwangalii usoni, hali mbele yake, wala hawalali chini ya paa moja. Choo anachoingia mke wa mwanawe, mzee hakiingii. Huko nyumbani hakuna shida, uwanja ni mpana. Mzee ana nyumba yake, choo chake nyuma ya migomba, na njia yake. Ukimwona anakuja unakata kona, unamsalimia ukiwa umeinama, yamekwisha. Sasa ghorofani utakata kona uende wapi, upite dirishani?

Hapo ndipo Kizito alipoanza wimbo wake wa kuuza. Nyumba haitoshi, alisema. Tuuze, tujenge nyumbani kando ya nyumba ya mzee, mimi nikae huko nimtunze kwa heshima, kila mtu na mlango wake. Yeye angepanga chumba Kitale, maana kazi yake iko hapa kwenye ghala la mbegu, na angekuja kutuona Jumamosi.

"Na cherehani yangu?" nikamuuliza.

"Si utashonea huko."

"Nitamshonea nani, ng'ombe?"

"Phelista, huyo ni baba yangu."

"Na hii ni nyumba yangu, bana. Tumpangie mzee chumba hapa karibu, nitakuwa nampelekea chakula."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukania marehemu mama yake. "Baba yangu apange chumba? Kama kijana aliyepashwa tohara jana?" Nikamuuliza Wabwile kama angetuachia stoo yake ya chini. Akanifungulia mlango nione mwenyewe: simiti mpaka juu. Basi ugomvi ukabaki pale pale, mimi na Kizito, asubuhi na jioni, tukinong'ona kwa ukali katika nyumba isiyo na siri. Mzee alikuwa akisikia kila neno. Nilijua anasikia, na mara nyingine, Mungu anisamehe, nilinong'ona kwa sauti.

Lakini msidhani nilimchukia yule mzee. Nilimpenda. Kizito akienda kazini tulikuwa tunabaki wawili, mimi na cherehani yangu sebuleni, yeye nyuma ya pazia, na pazia lile likawa kama uwanja wetu. Tulikuwa tukipiga stori kutwa bila kuonana.

"Mulembe, Mama Tabby," ananisalimia. Tabby ni binti yetu, anasoma Eldoret.

"Mulembe, Papa. Umeamkaje?"

"Nimeamka kwa sababu ya hiyo cherehani. Inalia njaa. Si uipe mafuta."

"Papa, hata mimi sijala, na silii."

Anacheka mpaka anakohoa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye miaka yake yote ya nguvu, na alipojua mimi ni mtoto wa huko, alinichokoza kila siku. "Ile harufu unaikumbuka?" Nitaisahauje? Tulikwenda nayo kanisani. Akaniambia mama mkwe alipomwona mara ya kwanza alimwambia akaoge kwanza ndipo aongee. Nilicheka nikajichoma sindano. Mtu wangu wa kuongea naye hapa Kitale alikuwa yule mzee, na nilikuwa sijui hata macho yake yana rangi gani.

Shida ilikuwa choo. Daktari alimpa vidonge vya kupunguza uvimbe, vile ambavyo ukimeza unakimbizwa chooni muda si muda. Kizito alimsimamia kila asubuhi kabla ya kazi. Anampa kidonge na funda la maji, halafu, "Fungua mdomo nione." Mzee wa watu anafungua mdomo. Mwanzoni alikuwa anashuka ngazi zile za nyuma, za mbao, anakwenda mpaka choo cha sokoni, kisha anapanda tena. Siku moja Kizito akamkuta katikati ya ngazi, ameng'ang'ania chuma, pumzi hakuna. Akamfokea mbele ya watu. "Choo kiko ndani! Unataka kuanguka nionekane nimekuua?" Mzee alipanda akaingia nyuma ya pazia. Hakushuka tena.

Mimi nilifanya nilichoweza. Asubuhi nikishaweka chai nilikuwa nachukua cherehani naishusha kwenye veranda ya Wabwile, nashonea hapo, ili mzee awe na nyumba peke yake. Nikirudi mchana naanza kuimba nikiwa bado chini, napanda nikiimba, nagonga mlango wangu mwenyewe kwa fujo. Majirani waliniona nimerukwa na akili. Choo nilikiosha kwa dawa kila siku, taulo zangu na kanga zangu nikaziondoa humo, hata sabuni nikaweka mpya, ili asione kitu cha mke wa mwanawe. Ila mvua ya masika ilipoanza, veranda ikawa haikaliki. Nikarudisha cherehani juu. Nilikuwa kule ndani kutwa, hatua chache kutoka kwenye mlango wa choo, na kuta zile hazizuii kitu.

Chakula nilikuwa naweka kwenye trei juu ya stuli, nje ya pazia: sahani, chupa ya chai, jagi la maji. Nakohoa, naondoka. Baadaye trei inatoka, sahani imeliwa nusu, chai hakuna, jagi limekauka. Nilifurahi. Nikamwambia Kizito, "Baba yako anakunywa maji kuliko ng'ombe. Ati nyumba haimfai!"

Wabwile akaja na malalamiko. Kuna mtu anamwaga maji kwenye mabati ya stoo yake hapo nyuma, na saa nyingine chai, inapenya inadondokea simiti. Mimi nikajua mara moja ni watoto wa Nyambu, yule mwalimu anayekaa mlango wa kwanza. Nilikwenda nikamgongea. Nilimwambia mambo ambayo siyarudii hapa, kuhusu malezi yake na ualimu wake. Nyambu aliapa kwa Biblia kwamba watoto wake wako boarding. Nikamwambia Biblia haina mikono ya kumzuia mtoto. Tukanuniana, na mabati ya Wabwile yakaendelea kulowa.

Jumamosi moja Kizito akaja na mtu anaitwa Ngige, mfanyabiashara wa viazi kutoka Kiminini, na mke wake. "Wanaangalia tu," akaniambia. Nilikuwa nimeshakataa kusaini kwa wakili, na bado aliniletea mnunuzi ndani ya nyumba! Ngige alipita akigonga kuta kwa kidole. Akafungua mfereji, akauangalia. Mke wake akasema jiko ni dogo lakini mahali ni pazuri, karibu na soko. Akasema watavunja ukuta wa kijichumba. Walikuwa wanaongea kama mimi ni kabati wanalofikiria kama litabaki ama litatoka.

"Kwa nini mnauza?" Ngige akauliza.

"Haitutoshi," Kizito akasema.

Na Ngige akanyoosha mkono afungue pazia la mzee.

Nilipiga kelele mpaka Wabwile akasikia chini. "Toa mkono! Hapo kuna baba mkwe wangu!" Nikamgeukia Kizito. "Nani hatoshi? Familia nzima ya Wahindi ilizaana humu, na sisi watatu tushindwe? Mimi nimetosha. Wewe unatosha. Mzee anatosha, muulize mwenyewe! Tangu aje amelalamika siku gani? Anakula, anakunywa, anacheka. Wewe ndiye hutoshi popote!"

Halafu mzee akaongea nyuma ya pazia, pole pole.

"Mimi inanitosha, Kizito. Mwache mama huyu na nyumba yake. Mimi simsumbui mtu."

Sauti yake ilikuwa imekauka, inakwaruza. Nikadhani ni hasira kwa mwanawe, nikafurahi. Nilimwambia Ngige, "Umesikia mwenye umri." Wakatoka wote watatu, Kizito mbele. Nilisimama katikati ya sebule yangu nikahema kama mtu aliyemaliza mbio, nimeshinda. Jioni nilichinja kuku. Nikamwekea mzee paja na mchuzi, na jagi la maji baridi likiwa limejaa pomoni.

"Ahsante, Mama Tabby," akasema. "Umepika mpaka nimeshiba kwa harufu."

Jumapili hakuongea sana. Jumatatu aliniuliza kama Tabby atafunga shule lini, nikamjibu, na baada ya kitambo akaniuliza tena lile lile. Nikasema ni uzee.

Jumanne Kizito alipanda gari la ghala kupeleka mbegu Cheptais. Kabla ya kutoka alimpa baba yake kidonge. "Fungua mdomo nione." Nilisikia. Mimi nikaweka trei, nikakohoa, nikakaa kwenye cherehani. Mvua ilikuwa inanyesha. Redio ya mzee ilikuwa inaongea Kibukusu, matangazo ya vifo. Nikamsalimia.

"Mulembe, Papa."

Kimya.

"Papa, mulembe. Umekasirika na mimi?"

Nikasimamisha cherehani. Nilisikia pumzi yake, fupi fupi, juu juu. Nikampigia Kizito, hapatikani, huko mlimani mtandao ni wa bahati. Nikapiga tena. Nilisimama mbele ya lile pazia nimeshika kitambaa chake mkononi na siwezi kulivuta. Mnielewe. Tangu niolewe sijawahi kumwona mzee huyu amelala. Sijawahi kuona mguu wake ukiwa bila soksi. Nilimwita Yesu, nikamwita marehemu mama mkwe, nikawaambia mtanisamehe ama mtaacha, nikavuta.

Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, midomo imepasuka na damu imeganda kwenye nyufa. Ngozi ya mkono wake niliishika ikabaki imesimama pale nilipoishika. Dirisha lilikuwa wazi, mvua inaingia, na chini ya kizingiti ukuta wangu mweupe ulikuwa na michirizi ya chai, ya zamani na mipya. Trei ya asubuhi alikuwa ameivuta ndani. Jagi lilikuwa tupu, na nje juu ya mabati ya Wabwile kulikuwa na majani ya chai yamegandamana.

Nilielewa yote kwa mara moja, nikiwa nimesimama hapo. Mzee alikuwa hanywi. Asiponywa hapati haja, asipopata haja hahitaji kile choo, asipohitaji kile choo mimi sitamsikia kupitia ule ukuta, na nyumba inakuwa imetutosha. Na mimi nilikuwa nimekatazwa kumwangalia. Angekuwa baba yangu mzazi ningeona siku ya kwanza. Ningemwona usoni, ningemshika kichwa, ningemtukana, ningemshikia kikombe mpaka anywe.

Nilimwita Wabwile kwa dirisha. Alikuja na mbeba mizigo wake. Wakamkalisha mzee kwenye kiti changu cha kushonea, wakamshusha zile ngazi, mimi nyuma na blanketi, Nyambu amesimama mlangoni mwake na mikono kichwani. Hakunikumbusha ugomvi wetu. Alishuka akatusimamishia taksi.

Hospitalini wadi ya wanaume ilikuwa imejaa, wengine wawili wawili kitandani. Muuguzi alikuwa mmoja, Jerop, msichana wa upande wa Mlima Elgon, macho mekundu ya uchovu. Walimtundikia mzee dripu. Daktari alikuja akamminya hapa na pale, akasema figo zimesimama na moyo umelemewa, akaniuliza amekuwa akinywa maji kiasi gani. Nikasema jagi zima kila siku. Halafu nikasema hapana, sijui, sijui. Akaandika, akaenda kwa wengine.

Jerop akaja na mpira wa mkojo na beseni. Mzee alikuwa amejichafua njiani.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wa mtoto wake."

"Mtoto mwenyewe?"

"Hapatikani."

"Basi njoo huku, umnyanyue mgongo, nimvue nimsafishe."

"Sista, siwezi. Ni baba mkwe wangu."

Alisimama akaniangalia. "Hata kwetu haya mambo yako," akasema. "Lakini ona hii wadi. Niko peke yangu. Nikimshika, nani atamwosha? Nikimwosha, nani atamshika? Funga macho ushike, mama."

Nikapanda kitandani nyuma yake. Nikafunga macho, nikayabana kabisa. Nikampitishia mikono chini ya makwapa, nikamvuta akaniegemea kifuani. Hakuwa na uzito. Nilihisi mifupa yake ya mabega na moyo wake ukikimbia. Nilisikia Jerop akivua, maji kwenye beseni, kitambaa.

Mzee akashtuka. Nilihisi shingo yake inajaribu kugeuka.

"Mama Tabby."

"Niko hapa, Papa."

"Usiniangalie."

"Sikuangalii. Nimefunga macho."

"Kabisa?"

"Kabisa, Papa. Hata nikiambiwa kuna moto sifungui."

Alipumzika kidogo. Halafu akasema, kwa ile sauti ya kukwaruza, "Mtu mzee hahitaji maji mengi. Mtu anazoea. Nilikuwa nimeshazoea."

"Papa, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ati mkojo?" Akataka kucheka, ikawa kikohozi. "Nilikusikia. Siku zote nakusikia. Hiyo nyumba umeihangaikia. Nikasema mimi nitakuwa mdogo tu."

Hasira ilinipanda, na nilikuwa nalia, na macho nimefunga, machozi yakapenya hivyo hivyo. "Wewe mzee ni mjinga!" nikamwambia. Mimi, mkwe, nimemwambia baba mkwe wangu ni mjinga, wadi nzima inasikia. "Nyumba ni nini? Ni mawe! Nitasaini. Unasikia, Papa? Kesho nakwenda kwa huyo wakili nasaini zote, hata zile ambazo si zangu. Ngige avunje ukuta anaotaka. Sisi tunakwenda nyumbani."

Aliguna kidogo. Nikaona ananisikiliza, nikaendelea.

Nikamwambia tutajenga pale juu kidogo ya nyumba yake, upande wa mparachichi, mlango uangalie barabara ili tusionane akikaa nje. Choo chake kitakuwa cha matofali, kina mlango wa chuma na komeo la ndani, mbali, nyuma ya migomba, na choo chetu upande mwingine kabisa. Akitaka kukohoa, akohoe. Asubuhi nitamwekea chai mezani chini ya ule mti, nikimaliza nitaita, nitakata kona, atakuja anywe chupa nzima na nyingine. Nitakuwa nakagua vikombe, nikamwambia, kwa hiyo asifikiri atamwagia kuku. Cherehani nitaiweka dirishani tuongee. Nikamwambia nitaipa mafuta. Nikamwambia na Tabby akifunga shule atakuja kumsomea gazeti, na yeye si mkwe, ni mjukuu, wanaweza kukaa benchi moja mpaka jua litue.

Alikuwa ameniegemea vizuri sasa, kichwa kimetulia chini ya kidevu changu. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi na sikuthubutu kuisogeza nisimwamshe. Nilisikia beseni likiwekwa sakafuni. Nilisikia Jerop akizunguka upande wangu, akasimama, akashika kifundo cha mkono wa mzee, akakaa nacho.

"Mama," akasema, "unaweza kufungua macho."

"Umemvalisha?"

"Mama, fungua."

"Sifungui, nimemwahidi. Kwanza umfunike."

Shuka likavutwa. Nilihisi likipita juu ya mikono yangu.

"Nimemfunika."

"Mpaka wapi?"

Jerop akanishika bega.

"Mpaka kichwani, mama," akasema. "Mwachilie sasa."